Kumtembelea Mwana Kaskazini ya Mbali: Haki za Abiria kutoka Tanga hadi Tromsø

Mji wa Tromsø uko kaskazini mwa Norway, takribani kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Umbali wake kutoka Tanga, kwa mstari ulionyooka angani, unazidi kilomita 8,000. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi huko hata kwa dakika moja. Na kuanzia takribani tarehe 20 Mei hadi 22 Julai halizami. Mji huo una Chuo Kikuu cha Aktiki cha Norway, ambacho huvuta watafiti kutoka pande nyingi za dunia, na mtafiti aliyetoka mbali naye ana mama.

Katika somo hili tutamfuata mama mmoja wa mfano. Anaishi Tanga, ana umri wa miaka 67, magoti yanamsumbua kidogo lakini ulimi haujambo. Binti yake anafanya utafiti wa shahada ya uzamivu Tromsø na amemwalika kwa wiki mbili za Februari ili aone theluji na ampakate mjukuu ambaye hadi sasa amemjua kwa njia ya simu tu. Ni safari ya furaha, wala hatuna nia ya kuitia uchungu. Tunachotaka ni kwamba katika kila hatua mama huyu ajue jambo moja: mambo yakiharibika hapa, nani atabeba gharama? Likizo ni ya siku kumi na nne. Siku mbili zikipotelea kwenye viti vya uwanja wa ndege, hakuna shirika litakalomrudishia siku hizo pamoja na mjukuu.

Tiketi moja au tiketi mbili

Hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Tanzania hadi Tromsø. Abiria hubadilisha ndege mara moja au mbili njiani, na mara nyingi hatua ya mwisho hutoka Oslo. Binti anapotafuta nauli kwenye intaneti hukuta bei mbili. Ya kwanza ni ya tiketi moja inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Tromsø. Ya pili, iliyo nafuu, ni ya tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali: moja ya kufika Oslo, nyingine ya kutoka Oslo kwenda Tromsø. Safari ni ileile na viti huenda vikawa vilevile. Kinachotofautiana ni mkataba.

Kwa tiketi moja, shirika lililoiuza limeahidi kumfikisha mama Tromsø. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, ni wajibu wa shirika kumtafutia nafasi nyingine hadi mwisho wa safari bila kumdai nauli mpya. Kwa tiketi mbili, shirika la kwanza limeahidi Oslo tu. Likimfikisha Oslo saa nne baada ya muda, limetimiza safari yake, ingawa kwa kuchelewa. Na shirika la pili litamhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Tiketi hiyo ya pili huwa imekufa, na mama atanunua nyingine kwa bei ya siku hiyohiyo, ambayo kwa kawaida haina huruma.

Kuna mtego wa pili ambao wengi hawaufahamu. Masharti ya mashirika mengi yanasema kwamba abiria akikosa kupanda katika hatua moja bila taarifa, hatua zote zinazofuata katika tiketi hiyo hufutwa, pamoja na za kurudi. Mama aliyekosa ndege ya Oslo kwenda Tromsø, akafika huko kwa njia nyingine, anaweza kugundua siku ya kurudi kwamba kiti chake hakipo tena. Ikitokea ukakosa hatua moja, wasiliana na shirika papo hapo na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba safari ya kurudi inabaki.

Wakala naye aulizwe swali hili waziwazi, kwa sababu karatasi moja yenye safari zote haimaanishi tiketi moja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii karatasi uliyonipa ni tiketi moja au mbili?”

“Ni safari moja tu, mama, usiwe na wasiwasi.”

“Safari naijua kuwa ni moja. Nauliza tiketi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili itaningoja, au nitajitafutia mwenyewe?”

Wakala mwaminifu hatakasirishwa na swali hilo. Atakuonyesha namba ya uhifadhi wa nafasi na namba ya tiketi. Hatua zote zikiwa chini ya namba moja ya tiketi, au namba zilizotolewa pamoja katika uhifadhi mmoja, una mkataba mmoja. Zikiwa mbalimbali, dai kujua hivyo kabla ya kulipa. Hatusemi kwamba tiketi mbili ni kosa. Kijana mwenye begi moja mgongoni, anayekusudia kulala Oslo usiku mmoja na kuutazama mji, anaweza kuokoa fedha kwa njia hiyo. Kwa mama wa miaka 67 katikati ya majira ya baridi, wakati theluji inaweza kufunga njia ya kurukia ndege, akiba hiyo kwa maoni yetu ni ya gharama kubwa.

Tukumbuke pia kwamba safari ya mama haianzi Dar es Salaam. Inaanzia stendi ya mabasi Tanga. Basi na ndege ni tiketi mbili kwa kila hali: basi likiharibikia njiani, shirika la ndege halihusiki. Ni busara afike Dar es Salaam siku moja kabla, hata kama ndugu atakayempokea anakaa mbali na uwanja.

Saa za tiketi na saa zetu

Tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Jambo hili tunalichekea, na kila mtu hudhani kwamba yeye haliwezi kumpata. Tiketi ikiandikwa 15:40, ndiyo saa tisa na dakika arobaini alasiri. Hapo wachache hupotea. Wanaopotea ni wale wa usiku. Tuseme tiketi ya mama imeandikwa tarehe 10 Februari, 00:45. Kwa lugha ya nyumbani hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano usiku, na kwa hesabu ya kawaida ya familia ni “usiku wa tarehe 10”. Familia nzima itamsindikiza jioni ya tarehe 10, na vyakula vya kumuaga, kumbe ndege iliondoka takribani saa ishirini na moja kabla. Aliyetakiwa kuwa uwanjani ni mama wa jioni ya tarehe 9.

Kosa hili halina fidia, kwa kuwa tarehe ilikuwa imeandikwa. Kwa hiyo binti anapompigia mama simu kumweleza safari, asitaje saa peke yake. Ataje siku ya kutoka nyumbani: “Mama, Jumapili baada ya kula chakula cha usiku unakwenda uwanjani.” Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali ndege inapoondokea au inapofikia. Norway huwa nyuma ya Tanzania kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi.

Viza kabla ya nauli

Norway imo katika eneo la Schengen. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla; kwa uzoefu, kungoja siku hizo za mwisho ni kujitafutia presha. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iendelee kuwa hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka eneo hilo. Bima ya matibabu ya safari ni lazima, na kiwango chake kisipungue euro 30,000.

Hapa mlaji hupoteza fedha kwa namna mbili. Ya kwanza ni kununua tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka, ilhali uhifadhi wa nafasi wa kwenda na kurudi kwa kawaida unatosha kuambatishwa na maombi. Ya pili ni kumlipa mtu anayedai kwamba viza ya mama “imeshapita” kwa sababu anamjua fulani. Anayeamua ni mamlaka ya nchi inayotoa viza, na hakuna wakala anayeweza kuuza uamuzi usio wake. Akidai malipo ya namna hiyo, dai risiti inayotaja huduma yenyewe. Wengi huishia hapo.

Samli, koti na betri

Mama hawezi kwenda mikono mitupu. Tanga ni mkoa wa maziwa, na samli iliyopikwa nyumbani ndiyo zawadi ya kwanza inayomjia akilini. Kwa bahati mbaya, msafiri anayetoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya haruhusiwi kuingia Norway na nyama wala bidhaa za maziwa. Samli ni bidhaa ya maziwa, hata ikifungwa vizuri namna gani. Itachukuliwa forodhani, na machozi ya mama hayatabadilisha kanuni. Khanga, kwa upande wake, haina tatizo lolote na haimwagiki.

Koti zito lisiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Begi hilo likipotea, mama atateremka kwenye theluji akiwa na gauni la kitenge. Koti, soksi nene, dawa za wiki mbili, miwani na namba ya simu ya binti iliyoandikwa kwenye karatasi vyote viwe mkononi. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari.

Pawabenki haiwekwi kamwe kwenye begi la chini, hubebwa mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 bila kibali cha shirika. Hesabu yake ni rahisi: zidisha ukubwa ulioandikwa kwa mAh mara volti, kisha gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, hivyo inapita. Ile isiyo na maandishi yoyote inaweza kuzuiwa na mkaguzi, naye atakuwa na haki.

Sasa tulitazame begi lenyewe. Tanzania na Norway zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao huweka wajibu wa shirika la ndege katika safari za kimataifa. Begi likipotea, likiharibika au likichelewa, shirika linawajibika hadi kikomo cha SDR 1,519 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takribani dola 2,000 za Marekani. Kikomo hicho kilipandishwa tarehe 28 Desemba 2024. Si malipo ya moja kwa moja: abiria huthibitisha hasara yake kwa risiti, na ndiyo maana tunashauri kupiga picha ya vitu kabla ya kufunga begi. Mwenye vitu vya thamani zaidi ya hapo anaweza kutoa tamko maalumu wakati wa kukabidhi mzigo, na kulipa nyongeza ikihitajika.

Muda ndio unaoangusha wengi. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Begi lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu siku lilipokabidhiwa kwa mwenyewe. Usitoke uwanjani kabla ya kwenda kwenye dawati la mizigo na kupewa namba ya taarifa, na usitupe kile kikaratasi kidogo cha mzigo kilichobandikwa kwenye kadi ya kupandia ndege. Mama akilazimika kununua nguo za kujikimu Tromsø kwa siku tatu za kungoja begi, binti atunze kila risiti. Madai yatakuwa ya soksi na sweta. Ya koti la manyoya yatazua maswali.

Ndege ikichelewa

Huu ndio ukurasa ambao tungependa usomwe mara mbili, kwa sababu ulinzi wa abiria huyohuyo hubadilika kati ya kwenda na kurudi. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika pia Norway, huwalinda abiria wote wanaoondoka katika uwanja ulio ndani ya eneo hilo, bila kujali shirika ni la nchi gani. Lakini kwa abiria anayetoka nje ya eneo hilo kwenda ndani, kanuni hutumika ikiwa tu shirika linaloendesha ndege ni la Ulaya.

Maana yake ni hii. Mama akisafiri kwa shirika la Ulaya, kanuni inamlinda kwenda na kurudi. Akisafiri kwa shirika la Ghuba au la Afrika kwa tiketi moja, wakati wa kwenda atategemea Mkataba wa Montreal na masharti ya shirika. Wakati wa kurudi, kwa kuwa anaanzia Tromsø, kanuni ya Ulaya inamlinda. Hilo si sababu ya kulikataa shirika fulani. Ni sababu ya kujua unachoweza kudai ukiwa wapi.

Chini ya kanuni hiyo kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni huduma: chakula, vinywaji, mawasiliano, na hoteli pamoja na usafiri wa kufika huko ikibidi kulala. Kingine ni fidia ya fedha, kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali, ambayo hutolewa safari ikifutwa kwa taarifa fupi au abiria akifika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa tatu au zaidi. Sababu ikiwa nje ya uwezo wa shirika, kama dhoruba ya theluji, fidia haidaiwi. Huduma inabaki palepale. Kwa hiyo mhudumu akisema, “Ni hali ya hewa, hatuna la kufanya,” amesema nusu ya ukweli. Mama ana haki ya kumwambia kwa upole kwamba hadai fedha. Anadai chai, mkate na mahali pa kulala. Na safari ikifutwa, anachagua mwenyewe kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo mpya wa kusajili wageni kwa picha na alama za vidole mpakani. Ukaguzi huo hufanyika katika uwanja wa kwanza wa Schengen, pengine Amsterdam, pengine Oslo, na foleni inaweza kuwa ndefu. Muda wa dakika 55 wa kubadilisha ndege unaoonekana mzuri kwenye skrini ni mfupi mno kwa mama mwenye magoti yake. Chagua saa tatu.

Na magoti hayo yana haki yake. Katika viwanja vya Ulaya, abiria mwenye shida ya kutembea kwa sababu ya ulemavu, maradhi au umri hupewa msaada bila malipo, kiti cha magurudumu kikiwemo, mradi ombi limetolewa kwa shirika angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Wazee wetu wengi huona haya kukiomba wakidhani ni kukiri kwamba wamechoka. Anayekisukuma anajua mlango wa ndege inayofuata. Mama hatalazimika kusoma mabango kwa lugha asiyoijua. Ombi liingizwe kwenye tiketi, kwa hatua zote.

Ukishafika

Tromsø haina baridi kali kama wengi wanavyodhani. Mkondo wa bahari wa joto hupunguza makali, na siku nyingi za majira ya baridi kipimo huzunguka nyuzi chache chini ya sifuri. Baridi ya kutisha iko bara: Karasjok ndiko ilikopimwa rekodi ya Norway ya nyuzi 51.4 chini ya sifuri, tarehe 1 Januari 1886. Kabla ya kununua makoti matatu Kariakoo, mwulize binti. Huenda jirani yake ana moja la kuazima. Kinachohitajika zaidi ni vyuma vidogo vya kuvaa chini ya viatu, kwani barabara huganda na kuteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Kwa Februari mama atakuwa amelikuta jua, ambalo watu wa mji huo hulipokea rasmi tarehe 21 Januari kwa kula maandazi yao ya duara.

Mianga ya kijani inayocheza angani usiku huuzwa kwa watalii kama ziara. Mawingu hayana mkataba na mtu. Kabla ya kulipa uliza: isipoonekana, kuna kurudishiwa fedha, kurudia ziara bure, au hakuna kitu? Majibu yote matatu yanaruhusiwa, ilimradi uyapate kabla. Na ukiwa unaishi na mwenyeji, huenda mianga hiyo ikaonekana bure kutoka kibarazani, ukiwa umejifunika blanketi na mjukuu mapajani.

Laini ya Tanzania haimo katika utaratibu wa Ulaya wa kutumia simu nje ya nchi kwa bei ya nyumbani. Utaratibu huo ni wa wenye laini za eneo hilo. Zima data kabla ya kutua, kisha tumia intaneti ya nyumbani kwa binti. Simu ikizima ghafla nje ilhali chaji ilikuwepo, haijaharibika: baridi hupunguza nguvu ya betri. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Pakiwa na malalamiko

Malalamiko huanzia kwa shirika lenyewe, kwa maandishi, yakiwa na namba ya tiketi, tarehe, kilichotokea, kiasi unachodai na nakala za risiti. Yaandikwe kwa utulivu. Barua yenye matusi husomwa mwisho. Usipojibiwa kwa muda unaofaa au usiporidhika na jibu, tukio likiwa limeanzia nchini, lete nakala ya barua hiyo kwa Mamlaka pamoja na jibu ulilopewa, kama lipo. Hatupokei shauri ambalo shirika halijapewa nafasi ya kulijibu. Tukio likiwa limeanzia Norway, chombo cha huko ndicho chenye uwezo, na binti aliyeko Tromsø ndiye aliye karibu nacho. Haki ya kufungua madai mahakamani chini ya Mkataba wa Montreal hukoma baada ya miaka 2 tangu siku ya kufika, au siku ambayo ndege ilitakiwa kufika. Karatasi za safari zitunzwe muda wote huo, ikiwezekana kwenye bahasha ileile yenye picha za mjukuu, kwa kuwa bahasha hiyo haipotei.